Usaili Usio na Mwajiri

Ajira bandia inayomlenga mtengenezaji wa programu za kompyuta hutofautiana na utapeli wa ajira uliozoeleka kwa jambo moja kubwa, nalo ni kwamba haivutiwi na fedha alizo nazo mwombaji mfukoni, bali na kompyuta anayofanyia kazi pamoja na milango inayoweza kufunguliwa kupitia kompyuta hiyo. Kijana aliyepanga chumba kimoja Sinza na asiye na akiba yoyote benki anaweza kuwa amehifadhi katika mashine yake nywila za kivinjari, funguo za kuingilia seva za kampuni inayomlipa kwa mkataba, vibali vya kuhariri programu zinazotumiwa na watu asiowajua, na pengine pochi ya sarafu za kidijitali, yaani programu inayotunza funguo za siri ambazo yeyote azipataye anaweza kuzihamisha fedha zote zilizomo. Mtu wa namna hiyo ni maskini kwa hesabu zake mwenyewe, lakini kwa hesabu za mwizi ni mlinzi wa ghala.

Mwandishi wa makala haya ameandika programu kwa muda mrefu jijini Dar es Salaam, kwanza akiwa mwajiriwa, baadaye akiwafanyia kazi wateja wa nje kupitia mtandao, na katika miaka ya karibuni akiwasimamia vijana wanaoingia katika kazi hiyo. Katika nafasi zote hizo amepokea, na ameletewa na wenzake, mialiko ya kazi ambayo nyuma yake hapakuwa na kazi. Mialiko hiyo imemfikisha kwenye maoni yanayotetewa hapa, kwamba ajira bandia haitambuliki vyema kwa sura yake, iwe lugha ya barua, nembo ya kampuni au uzuri wa tovuti, na kwamba kipimo kinachofaa zaidi ni tendo ambalo mwombaji hutakiwa kulifanya kabla hajajua anamfanyia nani.

Aina kongwe ya utapeli huu haihitaji maelezo mengi. Mwombaji huambiwa kwamba amepata kazi, kisha hutakiwa alipie fomu, uchunguzi wa afya, kifaa cha kazi au kibali cha kusafiria, na fedha hizo hutumwa kwa simu kwenda kwenye namba ambayo siku inayofuata haipatikani tena. Yeyote aliyewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" anaifahamu tabia ya watu wa aina hiyo. Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1997, unasema katika kifungu chake cha 7 kwamba wakala binafsi wa ajira hapaswi kumtoza mfanyakazi ada wala gharama, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, isipokuwa pale mamlaka ya nchi itakaporuhusu kwa sababu maalumu. Hivyo anayedai malipo kabla ya mkataba amekwisha kujieleza mwenyewe. Watengenezaji wa programu wachache mno hunaswa kwa njia hii, na pengine ndiyo sababu wengi wao huamini kwamba wako salama dhidi ya njia zote.

Njia inayowanasa imejengwa ndani ya desturi halali ya taaluma yao. Usaili wa mtengenezaji wa programu mara nyingi huambatana na jaribio la vitendo, ambapo mwombaji hupewa mradi mdogo, huambiwa aupakue, auendeshe kwenye kompyuta yake, arekebishe hitilafu au aongeze kipengele fulani, kisha aurudishe ili kazi yake ipimwe. Kuendesha msimbo, yaani kuiamuru kompyuta itekeleze maagizo yaliyoandikwa katika mafaili ya mradi, kwa kawaida ni kuyapa maagizo hayo ruhusa zilezile alizo nazo mwenye kompyuta: yakielekezwa kusoma faili la nywila yatalisoma, na yakielekezwa kulituma kwenye seva ya ng'ambo yatalituma bila kuuliza. Zaidi ya hapo, miradi ya siku hizi haiandikwi yote na mtu mmoja. Mradi wa lugha ya JavaScript, kwa mfano, hutegemea vifurushi, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na watu wengine na kuwekwa katika hifadhi ya wazi iitwayo npm, na amri moja tu ya kusakinisha inaweza kuleta mamia ya vifurushi ambavyo mwombaji hajawahi hata kuyasikia majina yake. Baadhi ya vifurushi hivyo huwa na maagizo yanayojiendesha yenyewe wakati wa kusakinishwa, kwa hiyo mwombaji anayedhani kwamba ndiyo kwanza anaandaa mazingira ya kufanyia jaribio huenda akawa amekwisha kuibiwa.

Mbinu ya kumpelekea mtaalamu mradi wenye sumu ndani yake ilielezwa hadharani tarehe 25 Januari 2021, pale kitengo cha kampuni ya Google kinachofuatilia vitisho vya mtandaoni kilipotangaza kwamba watu wanaoungwa mkono na serikali ya Korea Kaskazini walikuwa wakijifanya watafiti wa usalama wa kompyuta, wakiwaalika watafiti wa kweli washirikiane nao, na kuwatumia mradi wa Visual Studio ambao maagizo yake yaliyofichwa yalitekelezwa pindi mradi ulipojengwa. Ulikuwa mwaliko wa ushirikiano na haukuitwa ajira, lakini hatua ya kutoka kimoja kwenda kingine ilikuwa fupi. Septemba 2023 kampuni ya usalama ya ESET ilieleza jinsi mfanyakazi wa kampuni moja ya Hispania inayohusika na vyombo vya anga alivyotafutwa kupitia LinkedIn na mtu aliyejitambulisha kuwa mwajiri wa kampuni ya Meta, akapewa majaribio mawili aliyotakiwa kuyaelewa na kuyaandika upya kwa lugha ya C++: la kwanza lilichapisha salamu ambayo kila mwanafunzi wa fani hiyo huanza nayo, na la pili lilitoa mfuatano wa namba za Fibonacci, ambapo kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Majaribio hayo aliyaendesha kwenye kompyuta ya mwajiri wake. Inafaa kujiuliza kampuni kubwa kiasi hicho ingejifunza nini kuhusu mhandisi mzoefu kwa kumpa zoezi la wiki ya kwanza ya darasa. Wepesi wa jaribio, pale nafasi inayotangazwa ni kubwa na mshahara wake mnono, ni dalili ambayo haizungumzwi kiasi inavyostahili.

Kisa kilichofafanuliwa kwa undani zaidi ni cha Japani. Kwa mujibu wa taarifa ya pamoja ya FBI na polisi wa Japani ya Desemba 2024, mwishoni mwa Machi ya mwaka huo mtu aliyejifanya mwajiri aliwasiliana kupitia LinkedIn na mfanyakazi wa Ginco, kampuni inayotengeneza programu za pochi za sarafu za kidijitali, akampa kiungo cha msimbo wa lugha ya Python uliowekwa kwenye GitHub, jukwaa ambalo watengenezaji wa programu duniani kote huhifadhi kazi zao, akimweleza kwamba ni jaribio la kabla ya kuajiriwa. Mfanyakazi huyo aliunakili msimbo ule katika ukurasa wake mwenyewe wa GitHub, na tangu hapo akawa amefunguliwa mlango. Baada ya katikati ya Mei wavamizi walitumia vitambulisho vya muda vya kivinjari chake, yaani alama zinazouambia mfumo kwamba mtumiaji amekwisha kuingia na hahitaji kuulizwa nywila tena, wakajifanya yeye katika mfumo wa mawasiliano wa kampuni. Mwishoni mwa mwezi huo wakaligeuza ombi halali la muamala lililotoka kwa mfanyakazi wa DMM Bitcoin, soko la sarafu lililokuwa likitumia huduma za kampuni hiyo. Bitcoin 4,502.9 ziliondoka, zikiwa na thamani ya takribani dola milioni 308 za Marekani wakati huo, na kabla mwaka haujakwisha DMM Bitcoin ilitangaza kwamba inafunga shughuli zake na kuwahamishia wateja wake kwa kampuni nyingine. Mfanyakazi aliyelengwa hakuwa na hata sarafu moja ya DMM. Alikuwa na ufunguo wa nyumba ya jirani.

Kabla ya hapo, Machi 2022, mtandao wa Ronin uliokuwa ukiendesha mchezo wa Axie Infinity ulipoteza zaidi ya dola milioni 600, na chombo cha habari cha The Block kiliripoti Julai ya mwaka huo kwamba chanzo kilikuwa barua ya ajira iliyotumwa kwa mhandisi mwandamizi katika muundo wa PDF. Visa vya ukubwa huu huweza kumfanya msomaji wa Afrika Mashariki adhani kwamba mambo haya ni ya makampuni ya mabilioni, na kwamba yeye anayetengeneza mfumo wa duka la dawa Morogoro hana cha kuibiwa. Dhana hiyo ilikosa msingi tangu Novemba 2023, pale watafiti wa kitengo cha Unit 42 cha kampuni ya Palo Alto Networks walipoieleza kampeni waliyoiita Contagious Interview, ambayo haikuchagua kampuni fulani bali iliwatupia nyavu watafuta kazi wenyewe kupitia matangazo ya ajira. Programu hasidi ya kwanza, iitwayo BeaverTail, ilifichwa ndani ya vifurushi vya npm na kazi yake ilikuwa kukusanya taarifa za vivinjari na pochi za sarafu. Kisha ililetwa ya pili, InvisibleFerret, iliyoandikwa kwa Python na yenye uwezo wa kumpa mvamizi udhibiti wa kompyuta kutoka mbali na kurekodi kila kinachochapwa. Zote mbili ziliweza kufanya kazi katika Windows, Linux na macOS, jambo linaloondoa faraja ya wale wanaoamini kwamba mfumo wao wa uendeshaji unatosha kuwa kinga.

Mwandishi alipata wasaa wa kuuchunguza mradi mmoja wa namna hii ulipomfikia yeye mwenyewe. Aliyemwandikia alikuwa na picha nadhifu, historia ya kazi iliyopangika na Kiingereza kisicho na dosari, akieleza kwamba kampuni yake inajenga jukwaa la kupangisha nyumba kwa malipo ya sarafu za kidijitali na inatafuta mtu wa kumalizia sehemu iliyoachwa na mhandisi aliyeondoka. Malipo yalitajwa kwa dola na kwa saa, kiwango chake kikiwa kizuri bila kuwa cha ajabu, na hapo ndipo palipokuwa na ustadi, kwa sababu kiwango cha ajabu kingemshtua mtu. Mwandishi alipoomba ausome mradi kwanza, alijibiwa kwamba kusoma kutafuata, la muhimu kwa sasa ni kuhakikisha kuwa unawaka kwenye mashine yake, na kwamba ingekuwa vyema wafanye hivyo pamoja kwa njia ya video huku akiwaonyesha skrini yake.

Mradi ulisomwa kupitia kivinjari, moja kwa moja kwenye tovuti ulikohifadhiwa, bila kupakuliwa. Sehemu yake kubwa ilikuwa msimbo wa kawaida, tena wenye dalili zote za kunakiliwa kutoka katika mradi wa wazi wa mtu mwingine: maelezo ya ndani yalitaja biashara isiyohusiana na nyumba, na historia ya mabadiliko, ambayo katika mradi wa kweli huonyesha watu wakibishana na kurekebishana kwa miezi, ilionyesha kila kitu kikiwekwa kwa mkupuo na akaunti moja changa. Katika folda ya upande wa seva palikuwa na faili dogo la kushughulikia hitilafu, aina ya faili ambalo msomaji mwenye haraka hulipita, na ndani yake mstari mmoja ulionekana kuishia pale unapotakiwa kuishia, ila kitelezi cha chini ya ukurasa kilionyesha kwamba mstari huo unaendelea mbali sana upande wa kulia. Baada ya nafasi tupu nyingi zilizowekwa kwa makusudi ndipo ulipoanza msururu mrefu wa herufi na namba zilizovurugwa, yaani msimbo uliobadilishwa umbo ili kompyuta iuelewe na binadamu asiuelewe. Hakuna mhandisi anayeandika hivyo kwa bahati mbaya. Mwandishi hakumtuhumu mtu. Aliomba tu kwamba mazungumzo yaendelee kupitia anwani ya barua pepe ya kampuni yenyewe, akapewa sifa nyingi, kisha akaambiwa kwamba nafasi itachukuliwa na mwingine jioni ileile, kisha akaunti iliyokuwa ikimwandikia ikatoweka pamoja na mradi.

Kijana mmoja aliyekuwa chini ya usimamizi wake alipita katika njia hiyohiyo na matokeo yakawa mengine. Mradi aliopewa uliwaka vizuri, hitilafu aliyotakiwa kuirekebisha ilikuwa ya kweli na aliirekebisha kwa ufundi, akashukuriwa na kuahidiwa majibu, naye hakuona ishara yoyote ya hatari kwa kuwa hakukuwa na ishara ya kuonekana. Siku chache baadaye mteja wake wa muda mrefu, ambaye hakuwa na habari yoyote ya usaili ule, alikuta watu wasiojulikana wakitumia seva zake kwa funguo alizokuwa amekabidhiwa kijana huyo, akavunja mkataba bila kusubiri maelezo. Jambo la kusikitisha zaidi katika kisa hicho ni aibu iliyofuata, kwa sababu alijiona mjinga mbele ya wenzake na akanyamaza, na kunyamaza kwake kukawaachia wengine waliopokea mwaliko uleule waendelee nao bila kuonywa.

Ujinga hauhusiki hapa. Kinachotumiwa ni adabu ya mwombaji. Anayeomba kazi hujiona kwamba ndiye anayepimwa, na kwa sababu hiyo huona haya kupima. Katika jamii ambazo kumhoji mtu mzima kuhusu yeye ni nani hasa huchukuliwa kuwa ufidhuli, haya hiyo huwa kubwa zaidi, hasa pale anayehojiwa ameshika ahadi ya mshahara wa dola. Hali ya soko nayo ilisaidia. Novemba 2022 kampuni ya Meta ilitangaza kuwapunguza wafanyakazi wapatao 11,000, Januari 2023 Google ikatangaza wengine wapatao 12,000, na kampuni nyingine nyingi zikafuata, hivi kwamba kijana wa Nairobi au Dar es Salaam aliyekuwa akitafuta kazi za mtandaoni alijikuta akishindana na watu wenye majina makubwa katika wasifu wao. Mtu aliyetuma maombi kwa miezi bila kujibiwa hupokea mwaliko wa kwanza kwa shukrani, na shukrani ni hali mbaya ya kusomea msimbo wa mgeni.

Dalili ambazo vijana hufundishwa kuzitafuta zimepungua nguvu. Makosa ya lugha, yaliyokuwa ishara ya kuaminika zamani, hayaonekani tena kwa kuwa akili unde huandika barua safi kwa lugha yoyote. Tovuti nzuri hujengwa kwa siku moja. Hata usajili wa kisheria, ambao mtu wa kawaida angeuona kuwa uthibitisho wa mwisho, si kinga: Aprili 2025 kampuni ya usalama ya Silent Push ilieleza kwamba BlockNovas, mojawapo ya kampuni tatu bandia zilizotumiwa na waendeshaji wa kampeni ya Contagious Interview, wanaohusishwa na Korea Kaskazini, ilikuwa imesajiliwa nchini Marekani, na waandishi wa shirika la habari la Reuters walipoifuatilia anwani yake katika jimbo la South Carolina walikuta kwamba kwenye ramani mahali hapo panaonekana kuwa kiwanja kitupu. FBI iliitwaa anwani ya mtandao ya kampuni hiyo mwezi huohuo. Kwa hiyo kutafuta jina la kampuni katika kumbukumbu za BRELA, wakala wa usajili wa biashara nchini Tanzania, au za msajili wa nchi nyingine ni hatua ya kufaa kuchukuliwa, lakini inathibitisha tu kwamba mtu alijaza fomu.

Kinachothibitisha zaidi ni njia ambayo mwombaji ameitafuta mwenyewe. Aliyealikwa na mtu anayedai kuwakilisha kampuni inayojulikana anaweza kuiacha kando anwani aliyopewa, akaingia kwenye tovuti rasmi ya kampuni kwa kuitafuta upya, akaangalia kama nafasi hiyo imetangazwa, kisha akaandika kwa anwani iliyopo pale kuuliza kama mtu fulani anawafanyia kazi ya kuajiri. Swali hilo halimuudhi mwajiri wa kweli; aghalabu humfurahisha, kwa kuwa anatafuta mtu makini. Ikumbukwe pia kwamba kampuni halali nazo zina vituko vyake: hutumia mawakala wasiojulikana, hubadilisha msaili dakika za mwisho, hupanga mazungumzo kwenye Telegram, na hutoa majaribio marefu yasiyolipwa. Kituko kimoja hakitoshi kumhukumu mtu. Namna anavyopokea kuthibitishwa inatosha mara nyingi, kwa maana mwizi hana muda wa kusubiri barua ipite katika ofisi ambayo haipo.

Sura za mtego huu hubadilika. Mojawapo, iliyoenea kuanzia mwaka 2024 na kuendelea, haihitaji mradi wowote: mwombaji huelekezwa kwenye tovuti ya usaili wa video, hujibu maswali ya maandishi, na inapofika zamu ya kujirekodi huonyeshwa taarifa kwamba kamera yake ina hitilafu na kwamba akitaka kuirekebisha anakili mstari fulani na kuubandika katika dirisha la amri la kompyuta yake. Mstari huo ndio unaoleta programu hasidi. Hakuna tovuti ya kweli inayotengeneza kamera ya mtu kwa njia hiyo, na katika visa vyote hakuna kingine kilicho rahisi kukitambua kama hiki kwa mtu aliyewahi kuambiwa. Nyingine humwomba mtengenezaji wa programu akodishe akaunti yake ya kazi za mtandaoni, au akae mbele ya kamera katika usaili ambao kazi yake itafanywa na mtu mwingine, na alipwe sehemu ya mshahara. Huyu haibiwi mara moja, bali hufanywa mshirika. Julai 2025 mahakama ya Marekani ilimhukumu mwanamke wa Arizona kifungo cha miezi 102 kwa kuhifadhi nyumbani kwake kompyuta zilizowawezesha wataalamu wa Korea Kaskazini kuonekana wako Marekani na kuajiriwa na kampuni zaidi ya 300. Kuna pia ajira za "huduma kwa wateja" na "teknolojia ya habari" nchini Thailand ambazo humfikisha mtu katika kambi za utapeli nchini Myanmar. Februari 2025, miongoni mwa watu 260 waliotolewa katika kambi hizo na kuvushwa mpaka hadi Thailand walikuwamo Waethiopia wengi na Wakenya. Hayo yanastahili makala yake.

Kuhusu kinga, ushauri wa kiufundi ni mfupi kuliko wengi wanavyodhani. Msimbo wa mtu asiyejulikana usomwe kwenye kivinjari kabla ya kupakuliwa, na ukilazimu kuendeshwa uendeshwe katika mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi na isiyo na nywila wala funguo zozote, au katika kompyuta nyingine kabisa. Mpangilio wa npm unaozuia maagizo ya wakati wa kusakinisha husaidia, ila haumzuii mwizi aliyeweka sumu yake katika msimbo wenyewe, kama yule wa faili la hitilafu lililotajwa hapo juu. Vivyo hivyo kihariri cha Visual Studio Code, tangu mwaka 2021, humuuliza mtumiaji kama anawaamini waandishi wa folda anayoifungua, na waombaji wengi hubonyeza ndiyo kwa mazoea. Swali hilo liko pale kwa sababu folda inaweza kubeba kazi zinazojiendesha mara tu inapofunguliwa. Pochi ya sarafu haina sababu ya kukaa kwenye kompyuta ya kazi, na kompyuta ya mwajiri wa sasa haina sababu ya kutumika kuomba kazi kwa mwajiri mwingine, jambo ambalo licha ya usalama ni suala la heshima.

Aliyekwisha kuendesha mradi wa shaka asipoteze muda kutafuta kama kweli ameambukizwa. Aikate kompyuta kutoka kwenye mtandao, atumie kifaa kingine kubadilisha nywila na kufuta funguo zote zilizokuwamo, awajulishe mwajiri na wateja siku hiyohiyo hata kama ni kwa aibu, kisha aisafishe mashine kwa kusakinisha mfumo wa uendeshaji upya. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018, na kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya zote mbili. Matumaini ya kumkamata mtu aliye Pyongyang ni madogo, lakini taarifa ya polisi humpa mwathirika karatasi ya kumwonyesha mteja aliyeibiwa kupitia kwake.

Lililobaki liko mikononi mwa waajiri halali wa hapa nyumbani, ambao kwa mazoea yao wenyewe wamewasafishia matapeli njia. Kampuni inayotangaza nafasi katika makundi ya WhatsApp bila kuiweka kwenye tovuti yake, inayomtumia mwombaji mradi kwa anwani binafsi ya barua pepe, na inayomtaka aendeshe msimbo kabla hata ya kuzungumza na mtu mwenye jina na cheo, inawazoesha vijana kuona kwamba usaili ndivyo ulivyo. Ni wajibu wa kampuni za Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali kuorodhesha kwenye tovuti zao nafasi zilizo wazi pamoja na anwani za watu wanaoziajiria, kujibu barua za wanaouliza kama mwaliko fulani ni wao, na kuyaweka majaribio yao katika majukwaa yanayofanya kazi ndani ya kivinjari, ambako mwombaji hahitaji kupakua chochote. Gharama ya kufanya hivyo ni ndogo, na kampuni yoyote inaweza kuanza na tangazo lake lijalo.